Mwanamume Asiyetaka Kuandikwa

Mwanamke anaweza kupenda hadi akasahau chumvi kwenye mboga, lakini siku ya kununua nyumba akili humrudia yote kwa mkupuo, tena ikiwa imenuna. Ndivyo ilivyomrudia Noela asubuhi ile ya Julai, ameketi sebuleni kwa Mzee Egidi, muuza nyumba, mtaa wa Bombambili, fedha zake kazifunga kwenye pindo la kanga, na kanga kaifunga kiunoni ndani ya koti. Baridi ya milima ya Matogoro ilikuwa inapenya chini ya mlango. Waliokuwa naye walidhani anatetemeka kwa baridi hiyo, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Alikuwa anaogopa. Alfajiri chai ilimshinda, na mama yake alipomuuliza kama anaumwa alijibu kwamba ni mafua. Mafua gani ya kukataa chai?

Fedha zile zilikuwa kiinua mgongo chake. Shirika alilolitumikia kama mpiga chapa tangu amalize shule lilikuwa limepunguza wafanyakazi mwanzoni mwa mwaka, kama yalivyofanya mashirika mengi miaka ile ya soko huria. Kila mtu alipewa chake akaambiwa kwaheri. Wenzake wengine walifungua genge, wengine walifungua chupa mpaka zikaisha. Noela alizikalia fedha zake kama kuku anavyokalia mayai, maana alijua hakuna mtu anayepunguzwa kazi mara mbili.

Leo zilikuwa zitoke. Nusu ya bei ya nyumba ilikuwa kwenye lile pindo, na nusu ilikuwa kwa mwanamume aliyeketi mbele yake, mchumba wake Abdulhamid Bakili, Myao wa Nalasi huko Tunduru, mnunuzi wa korosho, mtu mrefu mpole mwenye sauti ya chini kama anayeongea na mtoto aliyelala. Hata katika hofu ile, alipoinua macho wakatazamana, Noela alihisi joto likimpanda shingoni. Moyo hauna adabu. Unaweza kuwa unaogopa mtu na bado ukatamani akushike mkono.

Walikuwa wameitafuta nyumba kwa majuma mengi. Lizaboni walipata nzuri, lakini mwenyewe alitaja bei ya kufukuzia watu. Msamala ilikuwepo ya bei poa, ila maji ni mbali, na njia yake masika yakifika ni ya vyura. Mfaranyaki waliona ya vyumba vinne, ukuta wake umepakana na kilabu cha pombe, na Abdulhamid alitikisa kichwa kabla hawajafika mlangoni. Ni yeye aliyemfungua macho Noela siku ile walipokaa kwenye benchi la duka wakinywa soda.

"Noela, bei ya nyumba ni mlango tu," alimwambia. "Ukishaulipia mlango, ndani unakutana na wenzake. Bati limetoboka, utanunua. Choo kimejaa, utachimba kingine. Bomba utavuta. Kodi ya kiwanja inakungoja kila mwaka. Watu wanamaliza fedha yote kwenye bei, halafu wanalala wamefungua miamvuli."

"Sasa sisi tufanyeje?"

"Tununue ya chini kidogo kuliko uwezo wetu. Yanayobaki niachie mimi. Msimu wa korosho ukifika, bati na choo na bomba viko juu yangu, inshallah."

Niachie mimi! Wakati ule maneno hayo yalimwingia Noela kama uji wa moto siku ya baridi. Sasa, kwenye kigoda cha Mzee Egidi, alikuwa anayasikia upya na kuyaona sura yake ya pili. Yeye angetoa alichonacho chote leo. Bati, choo na bomba vilikuwa kwenye korosho ambazo bado ni maua, na korosho zenyewe zilikuwa kwenye mikono ya mtu mmoja. Mtu huyo akimgeukia, angebaki na nyumba inayovuja, bila kazi na bila senti.

Tena kulikuwa na jambo lile la mtaa. Siku walipoletwa hapa mara ya kwanza, Abdulhamid hakuuliza kuta wala paa. Alisimama uani akauliza, "Kwa mama ni wapi kutoka hapa?"

"Pale, ukivuka ile migomba," Noela alimwonyesha.

"Basi ni hapahapa."

Noela alicheka. Mama yake, Kunegunda, alipoambiwa alicheka pia, akasema amepata mkwe mwenye pua ya kunusa ugali. Lakini baba yake, Mzee Rupert, hakucheka. Mzee Rupert alikuwa mzee wa kanisa, na habari ya binti yake kuolewa na Mwislamu alikuwa ameikubali kwa shingo upande, baada ya padri kumweleza kwamba ruhusa ya ndoa ya namna hiyo ipo na imeshaombwa.

"Mwanamume gani anatafuta nyumba ya kumsikia mkwewe akikohoa?" alisema Mzee Rupert. "Sisi Wangoni mtu akijenga ukweni hata watoto wanamcheka. Huyu anamweka mke karibu na kwao ili safari ya kumrudisha iwe fupi."

Maneno hayo yalikuwa yamekaa kichwani kwa Noela tangu siku hiyo, na usiku yalikuwa yanaongea.

* * *

Balozi wa nyumba kumi alivaa miwani yake, akalaza karatasi ya mauziano juu ya meza, akaijaribu kalamu kwenye kiganja chake. Mzee Egidi alikuwa anatazama mlango. Watoto wake walikuwa Mbinga, vitu vyake vilishafungwa, na alikuwa ameshasema mara mbili kwamba yuko mwalimu mmoja anayeitaka nyumba hiyohiyo kwa bei hiyohiyo.

"Muuzaji ninaye," alisema balozi. "Mipaka ninayo. Haya, jina la mnunuzi?"

Noela alitegemea kusikia majina mawili. Hata hakuliwazia jambo hilo. Ni kama mtu asivyowaza kama kikombe kitakuwa na kitako.

"Andika Noela Rupert Komba," alisema Abdulhamid.

Balozi aliandika. "Na?"

"Basi."

"Basi vipi? Na wewe je?"

"Mimi hapana, mzee. Mwandike yeye peke yake."

Kalamu ilisimama. Mzee Rupert, aliyekuwa ameegemea ukuta na kofia yake gotini, alijiinua taratibu.

"Kijana, hebu rudia."

"Shikamoo tena, mzee," alisema Abdulhamid, maana alipobabaika alikuwa na tabia ya kuamkia upya. "Nasema nyumba ni ya Noela. Mimi siandikwi. Mwanamume haandikwi nyumba. Siku nikiondoka, naondoka na begi langu tu."

Alisema kwa upole kabisa, tena kwa kujivuna kidogo, kama mtu aliyeleta zawadi.

Siku nikiondoka. Vidole vya Noela vilikwenda vyenyewe kwenye lile pindo, vikalikamata.

"Mmesikia?" Mzee Rupert alisema, sasa akimtazama mkewe. "Hata hajaoa, begi ameshalifunga! Mama Noela, si nilikwambia? Mtu anayetaka jina lake lisionekane, huyo anajua anakokwenda. Huenda nyumba ina kesi, akija mdai akutane na jina la mwanangu. Huenda kule Nalasi kuna mwanamke na watoto wanaomngoja. Hujiulizi miezi yote ile ya msimu analala wapi?"

"Mzee, nyumba yangu haina kesi," Mzee Egidi alilalamika.

"Sijakusema wewe!"

Noela aliinuka. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akatokea mlango wa nyuma, akaenda hadi kwenye kile choo kibovu kilichopaswa kuchimbwa upya, akasimama hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye mwaka huohuo alikuwa ameshaambiwa kwaheri mara moja na watu waliokuwa wakimwita nguzo ya ofisi.

Alisikia hatua nyuma yake. Alizijua. Alikuwa anazijua hata kwenye kokoto.

"Noela."

"Usinisogelee."

Abdulhamid alisimama palepale. "Nimekosa nini?"

"Unaniuliza? Mbele ya baba yangu unasema siku utakayoondoka, halafu unaniuliza?" Alimgeukia. "Niambie ukweli, Abdul. Una mke Nalasi?"

"Mke? Wallahi sina."

"Watoto?"

"Noela, sina mtu! Nina mama na dada zangu wawili. Msimu nalala kwa dada yangu Asma, kwenye magunia. Ungekuja ungenikuta nanuka mafuta ya korosho mpaka nywele."

Wakati mwingine angecheka. Sasa aliifunga kanga yake vizuri zaidi.

"Basi kwa nini hutaki kuandikwa? Mtu anayekaa anaandika jina. Baba ameandika lake. Kila mwanamume ninayemjua ameandika lake. Mimi natoa kila nilichonacho, Abdul. Sina kazi. Nyumba yenyewe inavuja. Choo ndicho hiki, kitazame. Umeniambia niyaachie kwako, nami nimeyaacha. Halafu unasema utaondoka na begi."

Abdulhamid alimtazama. Kisha Noela aliona kitu kikibadilika usoni mwake, kama mtu aliyekuwa anaongea kwa ufasaha akagundua kwamba mwenzake haijui lugha ile.

"Kumbe," alisema polepole. "Nilisahau ninyi ni Wangoni."

"Una maana gani?"

"Kwetu mwanamume hana nyumba. Akioa, anahamia kwa kina mke. Wanamwita mkamwini. Nyumba anajenga yeye, jasho lake, lakini nyumba ni ya mke na mama yake mke. Ndiyo maana nilitafuta hapa, karibu na mama. Nilitaka ajue simwibii binti. Nilidhani naleta heshima, kumbe mwenzangu unaona naandaa njia ya kukurudisha."

Upepo ulikuwa unapiga bati lililolegea juu ya paa, na kila likigonga Noela alishtuka.

"Baba yangu alipoachana na mama," Abdulhamid aliendelea, "aliondoka na begi na baiskeli. Nyumba aliijenga yeye mwenyewe, matofali alifyatua mwenyewe. Hakugusa hata msumari. Hakuna aliyemwona mjinga. Mwanamume anayeandika jina lake kwenye nyumba ya mke, kwetu huyo ndiye mwizi. Mama akisikia nimeandikwa, atalia. Mjomba atauliza nilitaka kumfukuza nani."

"Kwa hiyo ni kweli," Noela alisema kwa sauti ndogo. "Unaweza kuondoka."

Angeweza kusema uongo hapo. Wanaume wengi wangesema, na wanawake wengi tungewaamini, tena kwa furaha.

"Ndiyo," alisema Abdulhamid. "Naweza. Nyumba haitanishika. Lakini ndiyo kusema, kila asubuhi utakayoniona nipo, ujue nimetaka mwenyewe. Hakuna karatasi iliyonifunga."

Maneno yale yalikuwa mazuri, na Noela aliyaogopa kwa sababu ya uzuri wake. Alitaka mwanamume aliyefungwa. Alitaka fundo, pingu, muhuri wa serikali. Alimtazama yule mtu amesimama mikono mitupu kwenye baridi, na akaona midomo yake inatetemeka.

"Na wewe unaogopa," alisema, akishangaa.

"Ninaogopa sana."

"Unaogopa nini wewe?"

"Wewe ndiye utakuwa na nyumba, Noela. Siku ukinichoka, utaniambia nenda, nami nitakwenda. Baba yangu alikwenda mvua ikinyesha."

* * *

Waliporudi ndani Mzee Rupert alikuwa bado amesimama, na Mzee Egidi alikuwa ameshavaa koti la safari.

"Nimeamua," alisema Mzee Rupert. "Yaandikwe majina mawili, la mwanamume likitangulia. La sivyo kesho naenda kwa padri kumwambia baba wa binti amekataa. Mwanangu hatafanywa kituo cha basi."

Ndoa ilikuwa imepangwa Septemba.

Abdulhamid aliinamisha kichwa. Akaivuta ile karatasi kwake.

"Niandike, mzee," alimwambia balozi. "Kama jina ndilo litakalompa usingizi, niandike. Nalasi nitajua la kusema."

Mkono wake ulikuwa umeung'ang'ania ukingo wa meza. Noela aliuona. Alijua kwamba akinyamaza tu, hofu yake yote ingehamia kwa mtu huyu, naye angeibeba bila kulalamika mpaka uzeeni. Jina la Abdulhamid likiandikwa pale, angemshika. Si ndicho alichokuwa anakitaka?

Ndipo Kunegunda, ambaye tangu waingie nyumba ile alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu, alikohoa.

"Baba Noela, samahani. Naomba kuuliza."

"Uliza."

"Nyumba yetu ina jina la nani?"

Mzee Rupert alimgeukia. "Si langu? Unauliza nini mbele za watu?"

"Matofali ya ile nyumba nilikuwa nabeba maji ya kufyatulia, na Noela yuko mgongoni. Lakini jina ni lako. Mungu akikuchukua leo, nani atanigongea mlango kabla matanga hayajaanuliwa? Si kaka zako? Si ndivyo walivyomfanya dada yangu Getruda, akatoka na sufuria moja?"

"Mimi si..."

"Najua wewe si. Wewe ni mwema. Lakini nimelala miaka yote hii kwenye nyumba ya mtu mwema nikiogopa afe." Alisema bila ukali, macho yake yako kwenye mikono yake. "Huyu kijana sikumtaka. Nilimwombea apate mwingine wa kwao. Leo anasimama hapa anamwachia binti yetu nyumba, na sisi tunamlazimisha aichukue. Mimi sielewi."

Mzee Rupert alikaa chini taratibu, akaitazama kofia yake kama mtu aliyepewa ya mwingine.

Balozi alimtazama Noela juu ya miwani. "Binti, fedha yako, nyumba yako. Sema mwenyewe. Niandike nani?"

Hakuna aliyemsaidia. Mama yake alikuwa ameinamisha uso, baba yake vilevile, na Abdulhamid alikuwa amefumba macho kabisa. Noela aliogopa kuliko alivyoogopa siku alipoitwa ofisini kupewa barua ya kupunguzwa. Siku ile wengine ndio waliomwamulia.

"Mimi," alisema. "Niandike mimi peke yangu. Yeye muache kama alivyo."

Alifungua lile pindo. Mafundo yalikuwa yamekaza, ikabidi mama yake amsaidie kwa meno. Fedha zilihesabiwa, za kwake na za Abdulhamid, zikaingia kwenye mfuko wa ndani wa Mzee Egidi. Noela alitia saini kwa herufi zilizopinda hata yeye mwenyewe hakuzitambua, yeye ambaye kuandika ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mzee Egidi alimkabidhi ufunguo, akatoka na wazee kwenda uani kuwaonyesha mipaka kabla gari la Mbinga halijamwacha. Mzee Rupert alitoka wa mwisho. Alipofika karibu na Abdulhamid alisimama, akasafisha koo.

"Hilo bati la upande wa jikoni," alisema, "usingoje korosho. Ninalo moja nyumbani. Njoo ulichukue jioni."

"Ahsante, baba," alisema Abdulhamid. Mzee Rupert alikwenda zake kana kwamba hakusikia ameitwa nani.

Noela alibaki peke yake katikati ya sebule. Kuta zilikuwa na alama nyeupe mahali picha za Mzee Egidi zilipokuwa zimening'inia. Ilikuwa nyumba yake. Alingoja furaha ije, na iliyokuja ilikuwa hofu ileile, ila sasa hakuogopa tena karatasi wala paa. Aliogopa jinsi anavyomtaka mtu yule abaki, wakati hana chochote cha kumshikia.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Abdulhamid alikuwa ametoka na wazee, akarudi, lakini hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akagonga fremu kwa kidole.

"Hodi."

Noela aligeuka. "Unapiga hodi ya nini na nusu ya nyumba umeilipia?"

"Nyumba ina mwenyewe."

Walitazamana. Machozi yalimjaa Noela, na hakuyafuta.

"Abdul."

"Naam."

"Kesho piga tena."

"Kesho bado sijaoa. Baba yako atanifukuza na lile bati lake."

"Basi tukishaoana. Kila siku ukirudi, upige hodi. Hata kama mlango uko wazi. Hata kama niko jikoni na unaniona. Nataka niisikie kila siku, nijue umekuja mwenyewe."

Hakucheka. Aliweka mkono kifuani. "Hata nikizeeka?"

"Hata ukizeeka. Hata ukisahau jina langu, hodi usisahau."

Uani mama yake alikuwa anabishana na balozi juu ya mpaka wa migomba. Abdulhamid alivua viatu vyake, akavipanga nje ya kizingiti, akasimama pekupeku palepale nje, kwenye baridi.

"Hodi," alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Noela alikaza kidole kwenye ufunguo mpaka ukamwumiza.

"Karibu," alisema.